Siagi ya mboga kwa wageni wa alasiri

Mwanangu mpenzi,

Salamu nyingi kutoka Lamu. Wageni wako wa hapo Malindi wapakie mkate siagi ya mboga. Yafanyika tangu asubuhi, haina mapishi mengi, ila adui yake ni maji, na humo ndimo wengi huharibikiwa.

Nunua siagi ya maziwa gramu 250, isiyo na chumvi ukiipata. Samli usiitumie, ikiganda huwa chengachenga. Mboga ni karoti moja ya kadiri, nusu pilipili hoho nyekundu, miche miwili ya vitunguu vya majani, vijiko viwili vya kulia vya dania iliyokatwa, na punje moja ya kitunguu thomu. Usizidishe, maana mboga zikipita nusu ya uzito wa siagi haishikani tena. Nyanya na tango usitie kabisa.

Karoti ikwaruze kwenye matundu madogo. Hoho toa mbegu na ile nyama nyeupe ya ndani, kisha ikate ndogo kama punje za mchele. Zinyunyizie zote mbili robo kijiko cha chai cha chumvi, ziache dakika 10, kisha zitie kwenye kitambaa safi uzikamue kwa nguvu zako zote. Utashangaa maji yatokayo. Ukiruka hatua hii, chumvi itayavuta maji hayo ndani ya bakuli, na ifikapo alasiri siagi itakuwa inaelea kwenye kidimbwi na mkate umelowa. Vitunguu na dania, vikishaoshwa, vikaushe vizuri kabla ya kukata.

Kitunguu thomu kiponde, ukikaange kidogo kwa siagi kijiko kimoja, na kipoe kabisa. Kikiingia na moto kitayeyusha siagi yote.

Siagi ikate vipande, iache nje mpaka kidole kizame bila kuona mafuta yakimeta. Joto la kaskazi halisubiri, kwa hiyo usiondoke jikoni. Ikianza kulegea sana, weka bakuli juu ya maji ya barafu uendelee kupiga kwa mwiko. Ikiyeyuka ikawa mafuta, hiyo ipikie wali uanze na nyingine, kwani hata ikiganda tena haiwi laini ile.

Ipige peke yake dakika tatu hadi nne mpaka iwe nyeupe kidogo, ndipo uchanganye mboga, pilipili manga, na maganda ya ndimu yaliyokwaruzwa, yale ya kijani tu. Meupe ni machungu. Maji ya ndimu yasizidi kijiko kimoja cha chai, tone kwa tone. Onja kabla ya kuongeza chumvi, maana mboga zimekwisha kuibeba.

Funika, tia kwenye friji angalau saa moja ladha ziingiane. Itoe kidogo kabla wageni hawajafika. Mimi napenda boflo lililokatwa vipande vyembamba na kukaushwa kwenye kikaango, lakini mkate upoe kwanza, la sivyo siagi huzama na mboga zikabaki juu kavu. Inatosha vipande kama 30. Toa nusu mezani, nusu ibaki kwenye friji, na iliyokaa mezani usiirudishe kwenye ile safi. Iliyobaki imalizeni kwa siku tatu.

Wasalimie wote hapo.

Mamako