Choo cha Kuazima Hakikupi Cheti cha Afya

Juzi mama mmoja mwenye mgahawa hapa Mtwara ameondoka kwetu maabara amenuna. Anasema tumekula hela yake: kawalipia wafanyakazi watatu, mmoja karudishwa bila cheti. Mama yetu, hatukukudhulumu. Ulicholipia ni kipimo. Majibu yakionyesha vimelea, mtu anapewa dawa, anamaliza dozi, anarudi kupimwa, ndipo cheti kinagongwa muhuri.

Miezi sita ya cheti ikikaribia kuisha na bwana afya akaanza kupita, swali ni lile lile: kwa nini tunakataa choo cha jana? Amiba, kijidudu cha kuhara damu, akiwa hai anatembea kwenye slaidi, kile kioo cha darubini, tunamwona. Choo kikilala anakufa, nawe utaandikiwa huna kitu huku unawapakulia watu wali. Mkojo nao una saa zake. Mayai ya kichocho hutoka kwa wingi kati ya saa nne asubuhi na saa nane mchana, kwa hiyo anayefika alfajiri ili awahi pantoni ya Msangamkuu tunamwomba asubiri. Tunajua inakera.

Kinachotuumiza hasa ni choo cha kuazima. Tajiri mmoja alituletea vikopo sita, majina yote yameandikwa kwa mwandiko mmoja. Slaidi ya kwanza, mayai ya minyoo ya safura. Ya pili, safura. Mpaka ya sita, na kila kikopo kina vipande vile vile vya maganda ya nyanya. Mmoja kajisaidia, wenzake wakagawiwa kwa kijiko! Basi wote sita wakaonekana wana minyoo. Tajiri akalipa upya kwa watu sita, na siku hiyo jiko lake halikuwashwa, wapishi wako kwenye benchi letu.

Kuhusu bei, mnayosema ni kubwa, kila choo tunakitazama mara mbili, kwa maji ya chumvi na kwa ayodini, na mkojo unazungushwa kwenye mashine kwanza. Mbebaji wa homa ya matumbo ndiye mgumu zaidi: haumwi popote, vijidudu vimejificha kwenye nyongo, na kipimo cha damu cha Widal hakitoshi kumtambua. Choo chake lazima kioteshwe, na hiyo ni kazi ya siku kadhaa. Hatuwezi kuifanya kwa bei ya cheti cha kununua mtaani bila kupimwa.

Vikopo tunatoa bure pale dirishani. Njoo kuanzia saa nne, choo cha kujisaidia kiko nyuma ya jengo, maji na sabuni vipo.