Kwa nini tunauliza tarehe ya kuzaliwa ya mtoto kabla ya kutaja bei

Kila baridi inapokaribia, lalamiko linarudi lile lile. Mteja wa hapa Marekani anatuandikia sisi mawakala wa safari kwamba anataka wiki moja visiwani Karibea, Punta Cana (Jamhuri ya Dominika) au Barbados, yeye, mwenzake na mtoto, naye anaomba bei. Sisi tunamjibu kwa maswali. Mtoto kazaliwa tarehe ngapi? Pasipoti zenu ni za nchi gani? Bado anavaa nepi? Analala mchana? Mteja anaona anazungushwa. Jioni anarudi na picha ya skrini: hoteli ile ile, wiki ile ile, mtandaoni ni nafuu kwa dola mia kadhaa. Juzi mmoja akaongeza kwamba tunawaibia Waswahili wenzetu. Neno hilo limetuuma, na tunalijibu hapa ili kila mzazi aone hesabu inavyokwenda.

Tunaomba uitazame tena ile picha ya skrini. Kwenye kona ya juu mara nyingi pameandikwa: watu wazima 2, watoto 0. Tofauti ya bei inaanzia hapo.

Kumficha mtoto ndiyo njia ya mkato tunayokutana nayo kuliko zote. "Ana mwaka na nusu, chakula cha hoteli hali, atalala katikati yetu." Hoteli za Karibea zinazotoza chakula, vinywaji na malazi kwa bei moja huhesabu vichwa, na kila chumba kina kikomo cha watu. Mtoto wa chini ya miaka 2 kwa kawaida halipiwi au hulipiwa kidogo, ila lazima jina lake liwemo. Lisipokuwemo, mapokezi watamwandika pale pale kwa bei ya siku hiyo, isiyo na punguzo lolote. Chumba kikiwa kimefika kikomo, mtaambiwa mhamie kikubwa zaidi. Vitanda vya watoto vitakuwa vimeshagawiwa walioomba mapema, na gari lililotumwa uwanja wa ndege litakuwa na nafasi mbili. Kuna familia ilijaribu hivyo wiki ya Krismasi, hoteli imejaa pomoni. Walichookoa mtandaoni kiliishia usiku wa kwanza, na zaidi ya hapo.

Wengine wamekwama vibaya zaidi. Ukitafuta bila kumtaja mtoto, tovuti haina sababu ya kukuficha hoteli za watu wazima tu, na visiwani ziko nyingi, nzuri sana kwa picha. Wazazi waliwahi kutujia wakiwa wameshalipia moja ya hizo kwa bei isiyorejeshwa. Hakuna mwenye hoteli anayevunja sharti hilo kwa sababu mtoto ni mtulivu.

Sasa ndege. Mtoto wa kupakatwa ni yule ambaye hajatimiza miaka 2, na umri unaohesabiwa ni wa siku ya kila safari, kurudi kukiwemo. Akitimiza miaka 2 mkiwa ufukweni, kurudi anahitaji kiti chake, na kiti kinachonunuliwa dakika za mwisho ndicho ghali kuliko vyote. Ndiyo maana tunataka tarehe kamili. "Karibu miwili" haitusaidii. Halafu kupakatwa hakumaanishi kusafiri bila tiketi. Kwenye safari ya kimataifa mtoto huandikiwa tiketi yake. Mashirika mengi hutoza takriban asilimia 10 ya nauli ya mtu mzima pamoja na kodi, mengine kodi peke yake. Puerto Rico ukitokea Marekani bara ni safari ya ndani, hivyo mtoto wa kupakatwa halipiwi nauli. Na kama mnasafiri familia mbili zenye watoto wachanga, msitegemee kukaa upande mmoja wa safu moja. Barakoa za oksijeni za ziada huwa zimehesabiwa kwa kila upande, na wahudumu watawatenganisha.

Ushauri wetu ambao wateja hawaupendi: mtoto aliyevuka mwaka mmoja, ikiwezekana, mnunulieni kiti. Bebeni kiti kile kile cha gari kilichoidhinishwa kwa ndege (maandishi yako kwenye lebo yake), mfungeni humo, atalala. Akiwa na kilo 10 hadi 20 kuna pia mkanda wa CARES unaofungwa kwenye kiti cha ndege, mwepesi kubeba, ingawa ndani ya teksi hautumiki.

Nyaraka

Hapa ndipo muda wetu mwingi unapokwenda, na ndiyo sehemu isiyoonekana kwenye bei ya mtandaoni. Mtoto aliyezaliwa Marekani anahitaji pasipoti yake kwa safari ya ndege kwenda kisiwa cha nchi nyingine, hata kama ana miezi mitatu. Cheti cha kuzaliwa kinaweza kutosha kwa raia mdogo kwenye meli inayoondoka na kurudi bandari ya Marekani. Kwenye ndege hakitoshi. Pasipoti ya mtoto wa chini ya miaka 16 huombwa wazazi wote wawili wakiwepo. Asiyeweza kufika anajaza fomu ya ridhaa, DS-3053, na kuithibitisha kwa mthibitishaji wa nyaraka (notary). Pasipoti hiyo inadumu miaka 5. Anzeni miezi mitatu kabla.

Kisha majina. Kwetu mtoto huitwa jina la baba au babu, mama akabaki na la ukoo wake. Afisa wa uhamiaji anaona mwanamke na mtoto ambao majina yao hayafanani. Chukueni nakala ya cheti cha kuzaliwa, na mzazi anayesafiri peke yake awe na barua ya ridhaa ya mwenzake iliyothibitishwa. Mara nyingi hataulizwa. Akiulizwa bila kuwa nayo, kaunta ya ndege ndiyo mwisho wa safari.

Wenye hati ya kusafiria ya wakimbizi, tusikilizeni kabla hamjalipa popote. Visiwa vingi vinawataka viza hata kama mwenye pasipoti ya Marekani haihitaji, na baadhi ya balozi huchukua muda mrefu. Kwa familia hizo tunapendekeza Puerto Rico au Visiwa vya Virgin vya Marekani, kwa kuwa hamtoki nje ya Marekani. Bebeni hati zenu zote hata hivyo, maana ukiondoka Visiwa vya Virgin kurudi bara unapita ukaguzi wa forodha na uhamiaji. Wenye kadi ya kijani (ukaazi wa kudumu wa Marekani) wanaingia Aruba na Jamhuri ya Dominika bila viza, mradi pasipoti ya nchi yao iwe hai. Tumeshawahi kuahirisha safari za watu kwa sababu ya pasipoti ya Kongo iliyokwisha muda. Na ile fomu ya kielektroniki ya kuingia Jamhuri ya Dominika ni bure kwenye tovuti ya serikali. Aliyekutoza dola kwa ajili yake amekuuzia kitu cha bure.

Upande gani wa kisiwa

Kama tungeruhusiwa swali moja tu, tungeuliza hili. Karibea upepo huvuma kutoka mashariki karibu mwaka mzima, hivyo pwani za mashariki hupigwa na mawimbi ya Atlantiki na za magharibi hutulia. Mtu anaona "hoteli ya ufukweni Barbados" na kulipa. Bathsheba, mashariki, ni pazuri kwa macho na kwa wanaoteleza juu ya mawimbi. Kumwingiza mtoto baharini pale ni hatari, mikondo ni mikali. Holetown na Paynes Bay, magharibi, maji yametulia. Carlisle Bay, karibu na Bridgetown, pia hapana shida. Kutoka upande mmoja hadi mwingine ni safari fupi ya gari, lakini kwa mtoto wa miaka mitatu ni likizo mbili tofauti kabisa.

San Juan, Puerto Rico, ni vivyo hivyo. Hoteli nyingi ziko Condado, na bahari ya Condado ina mikondo inayovuta watu wazima. Kwa mtoto tunawapeleka Luquillo, takriban dakika 45 kwa gari, ambako mwamba umekinga ufukwe. Aruba kuna Baby Beach, kusini-mashariki karibu na San Nicolas: kidimbwi cha nusu duara, maji ya kina kifupi, ila msivuke ule mwanya unaotokea bahari kuu. Turks na Caicos, kisiwa cha Providenciales, Taylor Bay maji yanabaki magotini kwa masafa marefu. Huko ni ghali, hatufichi.

Halafu mwani. Tangu 2011 mwani wa kahawia uitwao sargassum umekuwa ukifika Karibea kwa wingi, hasa kuanzia masika hadi Agosti, na pwani zinazotazama mashariki na kusini ndizo hupokea zaidi. Ukirundikana ukaoza hutoa gesi yenye harufu ya mayai viza, inayokera macho na kifua. Mtoto mwenye pumu asikae karibu nao. Ufukwe wa Bávaro huko Punta Cana unatazama mashariki, na ile bei ya ajabu ya Juni ina sababu. Hapo ndipo sisi hupendekeza Bayahibe: nchi ile ile, upande wa Bahari ya Karibea, maji tulivu zaidi na mwani kidogo. Hakuna anayeweza kukuahidi ufukwe safi, lakini upande unaweza kuuchagua.

Barabara

Saint Lucia ina viwanja viwili vya ndege. Ndege kubwa hutua Hewanorra, kusini kabisa. Hoteli nyingi za familia ziko Rodney Bay, kaskazini, yapata saa moja na nusu ya kona na milima. Mtoto aliyetoka kunywa maziwa ndani ya ndege atatapika kwenye njia hiyo, na wateja wametuambia hivyo kwa maneno makali. Siku hizi tunawapa wenye watoto hoteli ya kusini, au tunapanga wasimame kupumzika njiani, Dennery. Montego Bay hadi Negril, Jamaika, nako ni kama saa moja na nusu, usifike usiku.

Teksi za visiwani kwa kawaida hazina kiti cha mtoto. Bebeni cha kwenu. Mashirika mengi ya ndege hukipakia bure pamoja na kigari cha kusukuma. Mkikodi gari, Jamaika, Barbados na Saint Lucia wanaendesha kushoto kama nyumbani Afrika Mashariki, Aruba na Puerto Rico kulia.

Chumba, jua na vingine

Mtoto akilala saa moja jioni ndani ya chumba kimoja, wazazi mnakaa gizani mkinong'ona hadi asubuhi. Tunatafuta chumba chenye sebule na mlango, au chumba cha chini chenye kibaraza. "Vyumba vinavyoungana" kwenye tovuti huwa ni ombi tu; sisi tunapiga simu hotelini na kuomba wathibitishe kwa maandishi. Klabu za watoto nyingi huanza miaka 4, baadhi 3, na wengi hawapokei mwenye nepi. Chini ya hapo ni yaya wa kulipia.

Mafuta ya jua chagueni ya zinki. Visiwa vya Virgin vya Marekani vimepiga marufuku yenye oksibenzoni na oktinoksati tangu 2020, Aruba nayo imekataza oksibenzoni. Ngozi nyeusi nayo huungua, hasa Aruba ambako upepo hukusahaulisha jua. Pakeni upya kila saa mbili. Aliye chini ya miezi 6 akae kivulini, shati la mikono mirefu. Mbu wa dengi huuma mchana. Dawa ya kufukuza mbu yenye DEET haipakwi mtoto wa chini ya miezi 2, ya mkaratusi wa limau chini ya miaka 3. Maji ya bomba ya Barbados na Aruba yanafaa kukorogea maziwa ya kopo. Jamhuri ya Dominika tumieni ya chupa. Na mfundisheni mtoto asiokote tunda: mti wa manchineel huota ufukweni, tunda lake kama tofaa dogo la kijani ni sumu, na utomvu hubabua hata ukisimama chini yake mvua inyeshapo. Mara nyingi huwekewa kibao au alama nyekundu.

Msimu wa vimbunga ni Juni 1 hadi Novemba 30, mkali zaidi Agosti hadi Oktoba. Lakini kimbunga Beryl kiliipiga Carriacou, kisiwa cha Grenada, Julai 1, 2024, mapema kabisa. Aruba, Bonaire na Curaçao ziko kusini ya njia kuu ya vimbunga, ndiyo maana Septemba tunawapeleka huko. Bima inunuliwe pale mnapolipa amana. Kimbunga kikishapewa jina, bima mpya haikilipii, na kila mwaka kuna mtu anayetupigia siku hiyo.

Ada yetu ni dola 90 kwa familia, tunaiandika peke yake kwenye ankara, haijafichwa ndani ya chumba. Inalipia simu hizo za hotelini, ukaguzi wa nyaraka na mtu wa kumpigia mkikwama uwanjani. Ukipata mtandaoni bei ya chini yenye mtoto ndani yake, masharti yale yale ya kurejeshewa na upande ule ule wa kisiwa, tuletee, tutakuambia uichukue.

Unapotuandikia tuma: tarehe ya kuzaliwa ya kila mtoto, nchi na mwisho wa kila pasipoti au hati, mji mnaotokea, tarehe mbili zinazowezekana, saa ya mtoto kulala, pumu au mzio wowote, na kiasi cha juu mnachoweza kutumia mkiwa mmejumlisha nauli. Bei inarudi ndani ya siku mbili za kazi.