Salamu za Pasaka kwa mama na dada walio katika utumishi

Kristo amefufuka! Amefufuka kweli kweli!

Mama zangu, dada zangu, nawasalimu kwa furaha ya asubuhi hii.

Kila Pasaka hurudi kwenye Marko 16. Sabato imekwisha, Mariamu Magdalene, Mariamu mama wa Yakobo na Salome wamenunua manukato, na jua linapochomoza wako njiani. Ndipo wanaulizana ni nani atakayewavingirishia jiwe. Jibu hawana, na safari wanaendelea nayo. Mwaka huu nimekaa sana kwenye swali hilo, maana nimelisikia mara nyingi vinywani mwenu: dawa za yule mgonjwa atalipa nani? Ada ya yatima huyu itatoka wapi? Mnaulizana huku mkitembea.

Walikuwa wanakwenda kuhudumia maiti. Wakiwa katika kazi hiyo wakakabidhiwa habari ambayo hakuna mtu aliyekuwa ameisikia. Luka anamtaja kati yao Yoana, mke wa Kuza, yule yule ambaye katika sura ya 8 alikuwa miongoni mwa wanawake waliomhudumia Yesu na wanafunzi kwa mali zao. Basi walipofika kwa mitume, maneno yao yalionekana upuuzi.

Hapo ndipo panaponiuma. Mikono ya wanawake Kanisa halijawahi kuikataa. Maneno yao ndiyo yaliyosubirishwa mlangoni. Dorkasi wa Yafa tunamkumbuka kwa nguo alizowashonea wajane, lakini Matendo 9 inamwita mwanafunzi kwanza, nguo zinakuja baadaye. Fibi wa Kenkrea, Paulo anamwita diakonos, neno lile lile la Kigiriki tunalolitafsiri shemasi kwingineko. Nilifurahi mwaka 2016, Papa Fransisko alipoipandisha kumbukumbu ya Mariamu Magdalene, tarehe 22 Julai, kuwa sikukuu yenye daraja sawa na zile za mitume. (Mimi si Mkatoliki, na nilifurahi vile vile.)

Kuhusu kuwawekea wanawake mikono ya uchungaji au upadre, madhehebu yetu hayalingani, na leo sitalifungua jambo hilo. Naomba moja tu kwa wazee wetu wa kanisa: anayeijua kila nyumba yenye mgonjwa, anayejua mjane yupi amelala bila kula, awe ndani ya kikao kinachogawa fedha za huduma, na akisema aandikwe kwenye muhtasari.

Na wewe mama ambaye leo hutaimba nasi ibadani, kwa sababu umetangulia alfajiri kwenda kumwogesha mgonjwa asiye na ndugu, tumekuombea kwa jina. Pasaka njema, mama.