Taarifa ya Mwenyekiti kwa Wanachama, Mwaka 2025: Idara Yetu ya Makerere na Wageni Wetu

Ndugu wanachama, wahitimu na wanafunzi wa kompyuta wa Makerere tunaozungumza Kiswahili, salaam nyingi.

Mwaka huu imetimia miaka 40 tangu Makerere ilipoanzisha Taasisi ya Sayansi ya Kompyuta, mwaka 1985. Wakubwa zetu waliisoma ikiwa taasisi. Wengine tuliikuta imeshakuwa kitivo, mwaka 2005. Vijana wetu wa sasa wanaijua kama idara moja ndani ya ndaki kubwa, wanayochangia hata na watu wa ukutubi. Katika kikao chetu cha Aprili mwanachama mmoja alisimama akauliza: chama hiki kinaipa nini idara iliyotulea, ukiacha picha za mahafali? Hakuna aliyemjibu siku ile, nami nikiwemo. Nimelibeba swali lake mwaka mzima, na taarifa hii nimeiandika nikiwa na sura yake mbele yangu.

Nianze na muhogo. Najua wapo watakaoshangaa, lakini nivumilieni.

Mwezi wa nane nilikwenda Muheza kumsalimia shangazi yangu. Alinipeleka shambani mwenyewe, panga mkononi. Mihogo ilikuwa imesimama vizuri, mirefu kuliko mimi, majani ya juu mabichi kabisa. Aling'oa shina la kwanza, akakata muhogo vipande viwili, akanionyesha. Ndani palikuwa na madoa ya kahawia, makavu, kama mtu aliyechomeka vijiti vya moto kwenye nyama nyeupe ya muhogo. Akautupa. Akang'oa wa pili, akakata, akautupa. Kufika wa sita akakaa chini kwenye tuta, akasema, "Mwanangu, mwaka mzima nimepalilia huu."

Ugonjwa ule ni michirizi ya kahawia. Na kwa sisi watu wa Tanga una historia ya nyumbani: mtaalamu aliyeuandika kwa mara ya kwanza miaka ya 1930, Storey, alikuwa akifanya kazi katika kituo cha utafiti cha Amani, mlimani juu ya Muheza hiyo hiyo. Kwa miaka mingi ulihesabiwa kuwa shida ya ukanda wa pwani. Baada ya mwaka 2000 ukapanda bara, ukaingia Uganda kwa nguvu, na wakulima waliokuwa ndio kwanza wanapumua baada ya batobato kali, ugonjwa mwingine wa muhogo, ya miaka ya 1990 wakarudi kwenye njaa. Ubaya wake ni huo nilioushuhudia: juu shamba linacheka, chini limeoza, na mkulima anajua siku ya kuvuna.

Hapo ndipo maabara ya akili unde (AI) ya Makerere ilipoingia. Wenzetu wale waliwafuata wakulima na simu za kawaida, zile za kamera isiyo na makuu, picha zikapigwa shambani. Wataalamu wa kituo cha utafiti wa mazao cha Namulonge wakakaa na kuzipitia picha moja moja, kusema hili ni jani la batobato, hili la michirizi, hili zima. Zilipatikana picha 21,367, zikiwa zimegawanywa katika magonjwa manne na majani yenye afya. Kuanzia Novemba 2020 hadi Februari 2021 picha hizo ziliwekwa kwenye shindano la wazi, na watu wa dunia nzima, ambao wengi wao nina hakika hawajawahi kuonja kisamvu, wakahangaika kufundisha mashine zao kulitambua jani la muhogo wa Uganda. Leo mwanafunzi yeyote, wa Dar es Salaam au wa Brazil, anaweza kuzichukua picha hizo bila kulipa hata senti akazifanyia kazi.

Nilimweleza shangazi habari hii. Akauliza swali ambalo ningependa kila mwanafunzi wetu wa uzamili alisikie: "Hiyo simu inaona chini ya ardhi?" Haioni. Lakini michirizi huacha alama kwenye majani ya chini, yale yaliyokomaa ambayo mtu hayatazami: umanjano unaofuata mishipa ya jani. Tuliinama pamoja tukaziona, shina baada ya shina. Zilikuwepo. Alama zilikuwa zikimsemesha na hakuna aliyemfundisha kuzisoma. Kwangu mimi mafanikio ya idara yanapimwa kwa umbali uliobaki kati ya maabara ile na tuta alilokalia shangazi yangu, na umbali huo bado ni mkubwa. Sehemu ya kuupunguza ni yetu, kwa sababu maelezo ya kumfikia mkulima wa Muheza lazima yawe ya Kiswahili, na hayo hatuwezi kuwaachia Waganda watuandikie.

Jambo la pili ni hewa. Mradi wa AirQo wa pale Makerere, unaoongozwa na Profesa Engineer Bainomugisha, umeendelea kuwa jina ambalo ukilitaja mahali watu wanakaa vizuri kwenye viti. (Kwa wanachama wapya: Engineer ni jina lake, si cheo.) Vifaa vyake vya kupima vumbi laini la hewani vinaundwa pale pale Kampala, vikitengenezwa kuhimili joto, vumbi na umeme unaokatika, na vingine hufungwa kwenye bodaboda ili vipite mitaa ambayo hakuna mtu angejenga kituo cha kupimia. Mwaka 2019 mradi ulipata dola milioni 1.3 kutoka Google, na tangu hapo umevuka mipaka, Nairobi na Bujumbura zikiwa miongoni mwa miji uliyoifikia. Shirika la Afya Duniani mwaka 2021 lilishusha kiwango linachopendekeza cha vumbi hilo hadi wastani wa maikrogramu 5 kwa mita ya ujazo kwa mwaka. Aliyewahi kusimama Wandegeya, jirani na chuo, saa kumi na mbili jioni hahitaji kipimo kujua tulipo, ila serikali ya jiji inahitaji namba, na sasa namba zipo.

Sasa nije kwenye lile swali la Aprili.

Miaka michache iliyopita maabara ile ya akili unde ilikusanya maandishi na sauti za lugha tano: Luganda, Runyankore-Rukiga, Acholi, Lumasaaba na Kiswahili. Ukiyatazama makusanyo hayo unaona kila lugha ilikuwa na watu wake nyuma yake. Sisi wa Kiswahili, tulio wengi kuliko wote ukihesabu kutoka Lamu hadi Kisangani, tulikuwa watazamaji. Ndiyo maana mwezi wa tano tukaamua kuanza siku za kurekodi kupitia Common Voice, mpango wa Mozilla ambapo mtu anasoma sentensi kwenye simu yake, wengine wawili wanasikiliza na kuikubali, na sauti inabaki mali ya kila mtu.

Siku ya kwanza iliharibika. Tulikodi chumba kizuri, tukaleta maji na chapati, watu wakafika, na saa nane mvua ya Kampala ikashuka juu ya mabati. Sauti zote za mchana ule zina ngurumo nyuma yake. Dada mmoja alisoma sentensi hiyo hiyo mara kumi na moja akisubiri mvua ipoe. Tuliporudia wiki iliyofuata tulipanda ghorofani tukafunga madirisha, tukatokwa jasho, na kazi ikaenda.

Ubishi mkubwa ulikuja kwenye kusikiliza. Mwenzetu wa Bukavu alisoma "mtu" akatamka "mutu", kama anavyosema kwao siku zote. Msikilizaji mmoja wa pwani akaikataa. Mwingine akaikataa. Nilisimamisha kazi tukazungumza, na mazungumzo yakawa marefu kuliko kurekodi kwenyewe. Msimamo wangu nausema hapa wazi ili uwe kwenye kumbukumbu: sauti hizi si mtihani wa kidato cha nne. Tukikataa sauti ya Bukavu leo, kesho mama wa Bukavu atazungumza na simu ya hospitali na simu haitamsikia. Maneno yakisomwa kama yalivyoandikwa, lafudhi ya mtu ikubaliwe, iwe ya Bukoba, ya Mombasa au ya Goma. Kikao kilikubali, na tangu siku ile wenzetu wa Kongo na Burundi wamekuwa wasomaji wetu wakuu. Mimi huwasikiliza jioni, nikipika, sentensi baada ya sentensi.

Waliotufikia. Mwaka huu tumepokea wanafunzi wapya tisa, watano kati yao wakiwa mabinti, idadi ambayo hatujawahi kuwa nayo. Wametoka Bukoba, Mwanza, Mombasa, Bujumbura na Goma. Wengi walipanda basi la usiku, wa Kagera wakavukia mpaka wa Mutukula alfajiri wakiwa na begi moja, cheti kwenye bahasha na namba ya simu ya mtu wasiyemjua. Karibuni sana. Mnaingia kwenye idara ambayo watu wake wamefanya mambo niliyoyataja hapo juu wakiwa na intaneti mbovu kuliko hiyo mtakayoilalamikia wiki ya kwanza.

Lakini mmoja wenu tulimpokea vibaya, na nawajibika kulisema. Alifika siku mbili kabla ya mpango wetu, hakumkuta mtu kituoni, dalali akamchukulia kodi ya miezi miwili kwa chumba cha Kikoni ambacho tayari kilikuwa na mpangaji. Fedha hiyo haikurudi. Wanachama mlichanga ndani ya siku tatu, kijana akapata pa kulala, na nawashukuru kwa majina yenu yote nitakayoyasoma kikaoni. Hata hivyo mama yake alinipigia simu, akaongea nami kwa upole, na upole ule uliniumiza kuliko kama angefoka.

Kompyuta za mkononi zilizotumika mlizotoa zilikuwa nne. Tatu zimekwenda kwa wanafunzi, ya nne betri yake imekufa na inasubiri fundi. Ada za uanachama zimelipwa na zaidi ya nusu yenu kidogo, mweka hazina atawasomea hesabu kamili.

Kwa wanaorudi Tanzania mwaka ujao, anzeni mapema kuomba TCU (Tume ya Vyuo Vikuu Tanzania) itambue shahada yenu. Msisubiri tangazo la kazi litoke ndipo mkimbie na nakala zilizokunjwa.

Kurekodi kunaendelea Jumamosi ya pili ya Januari, ghorofa ile ile, na mwenzetu wa Goma amekubali kusimamia meza ya kusikiliza. Nimeomba pia majina ya watu wawili wa kukaa kituo cha mabasi wiki nzima kabla ya muhula wa Agosti, kuanzia alfajiri. La kwanza nimeandika langu. Nafasi moja imebaki.

Wenu katika kazi,
Mwenyekiti