Barua kwa Mwanangu: Kuhusu Jeshi la Albania

Mwanangu,

Umeniuliza jeshi la Albania, lililokuwa na silaha tele, lilisambaratikaje mwaka 1997 bila kupigwa na adui. Usianze na vifaru wala ndege. Angalia maghala, na angalia nani alikuwa akimtii nani.

Jeshi hilo liliundwa tarehe 4 Desemba 1912, siku sita baada ya Ismail Qemali kutangaza uhuru mjini Vlorë. Italia iliivamia nchi Aprili 1939, na jeshi la wakomunisti likachipuka kutoka kwa wapiganaji wa milimani, waliounda makao makuu yao Julai 1943. Baada ya vita Enver Hoxha, kiongozi wa wakomunisti hao, alikosana na wafadhili wake mmoja baada ya mwingine: Yugoslavia mwaka 1948, Urusi ya Kisovieti mwaka 1961, China mwaka 1978. Kila ugomvi ulikata vipuri. Ndege za kivita za J-6 zilizotoka China zikibaki bila vipuri, fundi hana la kufanya ila kunyofoa kifaa kwenye moja ili nyingine iruke.

Mwaka 1966 vyeo vilifutwa, na makamisaa, yaani wasimamizi wa kisiasa wa chama, wakawekwa kando ya makamanda. Kwangu hilo lilidhuru kuliko uhaba wa vipuri, kwa sababu afisa anayesubiri idhini ya chama hajifunzi kuamua. Kisha zikaja ngome za zege, zaidi ya laki moja. Ile ndogo ilikuwa na sehemu tatu: kuba la kipenyo cha mita 3 lenye tundu la kufyatulia, mduara wa zege wa kulibeba, na ukuta wa nje, katikati udongo ukishindiliwa. Risasi haipenyi, lakini askari aliyemo hamwoni mwenzake wala hasikii amri.

Kwa kuwa mpango ulikuwa raia wote wapigane, silaha zilitawanywa katika maghala nchi nzima, mengine karibu kabisa na vijiji. Januari 1997 kampuni za upatu zilianza kuanguka na akiba za watu zikapotea, za familia za askari zikiwemo. Walinzi wakaenda zao. Zaidi ya bunduki nusu milioni ziliporwa, na watu wapatao 2,000 wakafa. Mwezi Aprili kikosi cha mataifa kilichoongozwa na Italia, askari kama 7,000, kiliingia kwa idhini ya Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa.

Masalio ya maghala hayo yaliua tena. Baruti ya kufyatulia ina kemikali ya kuituliza, nayo huisha kwa miaka, upesi zaidi penye joto. Ikiisha, baruti hujipasha moto yenyewe hadi iwake. Kwa hiyo hupimwa mara kwa mara, huwekwa mbali na viwashio, huhifadhiwa mafungu madogo yaliyoachana, na nyumba za watu hukaa mbali. Kule Gërdec, karibu na Tirana, wanakijiji waliofundishwa kidogo sana walikuwa wakifungua makombora ya zamani huku baruti ikirundikana. Tarehe 15 Machi 2008 mahali pote palilipuka. Watu 26 walikufa, mamia wakajeruhiwa, na waziri wa ulinzi akajiuzulu. Hasira yangu juu ya jambo hili haijapoa, maana kila moja ya tahadhari hizo ilikuwa ikijulikana.

Albania iliingia NATO, muungano wa kijeshi wa nchi za Magharibi, tarehe 1 Aprili 2009, na mwaka uliofuata ikaacha kuandikisha vijana kwa lazima. Leo Rais ndiye Amiri Jeshi Mkuu, na chini ya Mnadhimu Mkuu kuna vikosi vya nchi kavu, wanamaji na anga, na kamandi za mafunzo na huduma. Ndege za kivita haina tena, hivyo Italia na Ugiriki ndizo zinazolinda anga yake. Uwanja wa Kuçova, zilikokuwa zikikaa ndege za kivita za MiG, ulifunguliwa upya Machi 2024 kwa matumizi ya NATO.

Ukiandika insha yako, itafutie Gërdec aya nzima.

Baba yako