Kabla hujahamia shambani Chamwino

Dodoma,
14 Septemba.

Mpendwa Rehema,

Salamu nyingi kwako, kwa shemeji na kwa watoto. Nimefurahi mno kusikia mmeamua kuishi shambani bila bomba wala nguzo ya umeme. Ila umeniandikia kurasa mbili za sola na mistari miwili tu ya maji. Geuza hapo. Huku kwetu maji ndiyo yanayomrudisha mtu mjini, na mvua imebakiza kama miezi miwili na nusu.

Hesabu hivi. Kiangazi ni Mei hadi Novemba, karibu siku 210. Mko watano, lita 20 kwa kila mtu kwa siku ni lita 21,000 hadi mvua irudi, kuku na bustani hawamo. Milimita moja ya mvua kwenye mita moja ya mraba ni lita moja. Pima ardhi inayofunikwa na paa, usipime urefu wa bati. Kwa mita za mraba 60 na mvua ya milimita 550, ukitoa moja ya tano inayopotea, unapata lita 26,400. Paa linatosha, tanki lako la lita 5,000 ndilo halitoshi. Ongeza mawili ya lita 10,000. Mwaka wa milimita 350 utaambulia lita 16,800 tu, kwa hiyo banda la kuku nalo liezekwe bati na liwekwe gata.

Tanki la lita 10,000 likijaa ni tani kumi. Kwenye udongo mweusi wa mbuga, unaopasuka kiangazi na kuvimba masika, jamvi jembamba la zege litavunjika na tanki litapasukia chini. Chimba udongo huo uutoe, jaza moramu, shindilia, ndipo umwage zege lenye nondo. Mwambie fundi apime kwanza kimo cha tanki na kimo cha gata: wengi huinua msingi ili maji yashuke vizuri bombani, halafu mdomo wa tanki unakuwa juu kuliko gata!

Gata ishuke sentimita moja kwa kila mita. Kabla ya tanki simamisha bomba la inchi 6, mita mbili, lenye kifuniko cha kufungua chini. Linashika lita kama 35 za mwanzo, zenye vumbi na kinyesi cha ndege. Kifuniko kitobolewe tundu dogo la kuchuruzisha. Tundu hilo huziba kwa tope, bomba likabaki limejaa, na mvua inayofuata ikapeleka uchafu wote tankini. Lifungue na kulisafisha kila baada ya mvua. Mdomo wa tanki ufungwe wavu wa mbu, na maji ya kunywa myachemshe.

Chakula: nusu kilo ya nafaka kwa mtu kwa siku ni magunia tisa ya kilo mia kwa mwaka. Panda mtama na uwele, mahindi yawe kidogo, na ujipange kuamia kweleakwelea. Kukausha usikufanyie mzaha. Mwaka 2016 sumukuvu, sumu ya ukungu unaoota kwenye nafaka yenye unyevu, iliua watu Dodoma na Manyara. Chukua chupa kavu ya kioo, tia nafaka hadi robo na vijiko viwili vya chumvi kavu, tikisa kwa dakika chache, kisha iache itulie kama robo saa. Chumvi ikiganda kwenye kioo, rudisha nafaka juani, juu ya turubai. Isipoganda, pakia kwenye mifuko ya tabaka tatu, kamua hewa, funga kila tabaka peke yake. Dumuzi hufa kwa kukosa hewa. Panya akitoboa tundu moja kazi imeharibika, basi mifuko ikae juu ya chaga, mbali na ukuta.

Kuni: usikate shina lote. Kwenye kisiki hai bakiza machipukizi matatu hadi matano yenye nguvu, punguza mengine.

Sola mnayohitaji ni ndogo kuliko mnavyodhani. Taa nne za wati 5, redio na simu tatu zinatoshwa na paneli ya wati 100 na betri ya volti 12, Ah (ampea-saa) 100, msiyoishusha chini ya nusu. Elekezeni paneli kaskazini, iinuke nyuzi 10 hadi 15, na mfute vumbi kila wiki. Betri iunganishwe na chaji kontrola, kifaa kinachodhibiti chaji, kabla ya paneli.

Nitumie vipimo vya paa na kimo cha ukuta kabla fundi hajamwaga jamvi.

Rafiki yako,
Joyce