Barua ya wazi kwa mpwa wangu anayetaka kamera mpya

Mpwa wangu mpendwa,

Ujumbe wako wa kuomba nikuchangie fedha za kamera nimeupata, na kwa kuwa vijana wengi wanaopiga picha za harusi wana ombi kama lako, nimeona nikujibu hadharani.

Unasema bila kamera kubwa huwezi kuwa mpiga picha wa sinema. Lakini kazi hiyo si kamera. Mwongozaji huamua tukio lisimuliwe vipi. Mpiga picha mkuu, ndiye huyo unayetaka kuwa, huamua mtazamaji alitazame akiwa wapi, kwa lenzi gani, na zaidi ya yote mwanga utoke upande upi. Kushika kamera kwenyewe, katika filamu nyingi kubwa, huachiwa mtu mwingine kabisa.

Nataka umfahamu Subrata Mitra, mpiga picha wa sinema wa Kolkata, India, aliyezaliwa mwaka 1930. Mwongozaji wa Kihindi Satyajit Ray alipoanza kupiga filamu yake ya kwanza, Pather Panchali, mwaka 1952, alimkabidhi picha kijana huyu ambaye hakuwa amewahi kuendesha kamera ya sinema. Mtaji wake ulikuwa siku alizokaa pembeni akimtazama mwongozaji Mfaransa Jean Renoir akipiga filamu huko Bengal, eneo lenye mji wa Kolkata, huku akichora jinsi taa zilivyopangwa.

Iliyonifundisha zaidi ni Aparajito, filamu nyingine ya Ray aliyoipiga Mitra, ya mwaka 1956. Kwa kuhofia mvua, nyumba ya kwenye hadithi, iliyoko mji wa Benares nchini India, ilijengwa ndani ya studio, naye Mitra hakupendezwa, kwani ua wa nyumba kama ile hupata mwanga wake kutoka angani, usio na kivuli kikali, ilhali taa za studio zikimwelekea mtu moja kwa moja humtupia vivuli viwili vitatu ukutani. Akatandaza kitambaa cheupe juu ya ua, akazielekeza taa kwenye kitambaa badala ya kwenye nyuso, na mwanga ukarudi chini ukiwa laini kama wa mchana wenye mawingu.

Sasa itazame tena video ya harusi uliyonitumia. Pua ya bibi harusi imetupa kivuli hadi shavuni, na ukutani nyuma yake wamesimama bibi harusi wengine wawili, weusi tii. Kamera haina kosa hapo.

Fedha sina kwa sasa, lakini shuka jeupe ninalo. Njoo Jumamosi baada ya magharibi na taa zako mbili, tulifunge juu ya ua. Bibi yako amekubali kukaa chini yake akichambua mchele.

Mjomba wako